Programu haipati kutu, lakini inaharibika

Ndugu mtumikaji, unajua kazi ya jetoni. Kabla ya kushuka chini ya udongo unatundika jetoni yako yenye namba kwenye ubao, na ukitoka unaiondoa. Zamu ikiisha, kapita anatazama ubao. Jetoni moja ikiwa ingali pale, haulizi maneno mengi: mtu amebaki chini, sherti atafutwe mara moja. Nawe mama uliye nyumbani, hata kama hujauona ubao huo, unakulindia mume wako kila siku, maana haulali wala haumsahau mtu.

Siku hizi, katika migodi mingi, ubao umepata msaidizi. Mtumikaji anapitisha kadi mlangoni, mashini inasoma namba yake, na jina linaonekana kwenye kioo cha kompyuta. Penye vifaa vipya zaidi, taa ya kichwani yenyewe hupeleka habari kwamba mtu fulani yuko katika galeri fulani. Ni msaada mkubwa. Lakini iko tofauti moja ambayo kila mmoja wetu sherti aielewe. Msumari wa ubao ukianguka, unauona kwa macho. Kosa likiwa ndani ya kompyuta, kioo kinaendelea kung'aa kama jana, na namba zimepangwa vizuri, mstari chini ya mstari. Kioo kinasema watu wote wametoka, nawe unakiamini.

Ndiyo maana leo ukurasa huu, ambao kwa kawaida unasema juu ya kofia, viatu na mavumbi ya mawe, unakuletea habari ya matengenezo ya programu za kompyuta. Tutapita Beni na Butembo, kwa sababu kule ilionekana wazi jinsi uzima wa watu unavyoweza kutegemea orodha ya majina, na orodha hiyo kutegemea programu inayoitunza.

Kitu kisicholika kinatengenezwa kwa nini?

Kompyuta, ambayo wengi wetu huku twaiita ordinateri, ni chuma, waya na kioo. Peke yake haijui kitu. Programu ni maagizo ambayo mtu ameyaandika, yanayoiambia: namba hii ikisomwa mlangoni, andika saa, zamu ikiisha na mwenye namba hajatoka, piga kengele. Programu ndogo ina mistari mia chache. Programu kubwa ina mistari milioni na zaidi, iliyoandikwa na watu wengi kwa miaka mingi, na hakuna hata mmoja kati yao anayeijua yote.

Pompa inachakaa kwa sababu maji machafu yanakula chuma na beringi zinalika. Programu haina beringi. Maagizo yaliyoandikwa mwaka 1990, ukiyasoma leo, ni yaleyale. Hata herufi moja haikulika. Kwa hiyo watu huuliza, na pengine hata wakubwa wa kazi: kitu kisicholika kinatengenezwa kwa nini? Kisha wanatoa fedha nyingi siku ya kununua programu, na mwaka unaofuata hawatengi hata franga moja ya kuitunza.

Chukua ramani ya mgodi. Ramani iliyochorwa miaka kumi iliyopita haikubadilika. Imekaa katika sanduku lake, karatasi safi, wino haukufutika. Lakini galeri zimeendelea kuchimbwa, nyingine zimefungwa, nyingine zimejaa maji. Mtu akiingia leo na ramani ile, anaweza kutoboa ukuta wenye maji nyuma yake. Ramani haikuchakaa, mgodi ndio ulioiacha nyuma. Programu nayo ni hivyo hivyo. Iliandikwa kwa ajili ya dunia ya siku ile, na dunia haikusimama.

Mtu aliyelichunguza jambo hili kwa uangalifu ni profesa Meir Lehman, aliyefundisha katika Imperial College ya London. Yeye na mwenzake Laszlo Belady walitazama programu kubwa ya kampani ya IBM, iliyoitwa OS/360, toleo baada ya toleo. Tangu mwaka 1974 Lehman alianza kutoa maneno yake kama sheria. Ya kwanza inasema kwamba programu inayotumika katika maisha ya watu sherti ibadilishwe daima, la sivyo itazidi kuwafaa kidogo. Nyingine inasema kwamba kila badiliko huifanya iwe ngumu zaidi kueleweka, isipokuwa mtu afanye kazi ya makusudi ya kuipanga upya.

Hii ya mwisho mtu wa mgodi anaielewa upesi kuliko mtu wa ofisi. Dari likipasuka, mnaweka nguzo. Likipasuka pembeni, mnaweka nyingine. Baada ya miaka, galeri imejaa mbao, hakuna anayekumbuka ni nguzo gani inayobeba mzigo na ni ipi iliyowekwa tu, na hakuna anayethubutu kuondoa hata moja. Programu nyingi za zamani ziko hivyo. Aliyeweka nguzo amekwisha kuacha kazi, hakuandika kitu, na anayekuja leo kutengeneza anaogopa kugusa. Tangu mwaka 1983 wataalamu wa dunia nzima hukutana juu ya matengenezo ya programu peke yake, na swali lao kubwa bado ni hilo: nikigusa hapa, nini kitaanguka kule?

Orodha za Beni na Butembo

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Wagonjwa walijulikana kwanza Mangina, katika teritwari ya Beni. Kisha ugonjwa ukaingia mjini Beni, ukashuka Butembo na Katwa, ukafika Ituri, ukavuka hata mpaka wa Uganda. Ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walihesabiwa kuwa waliugua, na 2,287 walikufa. Wewe uliye na ndugu kule huhitaji kukumbushwa ndoo za maji ya dawa mbele ya kila duka, wala mazishi ambayo jamaa waliyatazama kwa mbali.

Silaha ya kwanza ya kuzuia ugonjwa ule ilikuwa orodha. Mtu akionekana ana Ebola, waganga wanauliza: nani alimwosha? Nani alilala naye chumba kimoja? Nani alimbeba kwa pikipiki? Kila aliyetajwa anaandikwa, kisha anatembelewa kila siku kwa siku 21, kupimwa joto na kuulizwa hali yake. Chanjo nayo ilifuata orodha hiyohiyo: walichanjwa waliomgusa mgonjwa, na wale walioguswa na hao. Kwa hiyo jina lililokosekana katika orodha lilikuwa mtu ambaye hakuna aliyemtembelea wala kumpelekea sindano. Katika vita ile watu 250,000 waliandikwa kuwa wamekaribiana na wagonjwa, na zaidi ya 303,000 walichanjwa. Watu wa palepale waliofanya kazi hiyo walikuwa karibu 16,000.

Daftari peke yake haliwezi kubeba majina 250,000. Kazi ilifanywa kwa madaftari, kwa majedwali ya kompyuta, na kwa programu iitwayo Go.Data, ambayo Shirika la Afya Duniani na washirika wake waliitengeneza kwa ajili ya magonjwa ya kuambukiza. Programu hiyo hutunza majina ya wagonjwa na ya waliokaribiana nao, na huchora mnyororo unaoonyesha nani alimpa nani ugonjwa. Inaweza kufanya kazi hata mahali pasipo intaneti, jambo la maana sana kwa njia ya kutoka Mangina.

Sasa tazama jinsi dunia inavyoijaribu programu. Tuanze na jina. Programu nyingi za namna hii huandikwa na watu ambao kwao jina la jamaa linatofautisha watu: huyu ni wa jamaa ile, yule wa jamaa nyingine. Lakini kwa Wanande mtoto hupewa jina kwa kufuata namba yake ya kuzaliwa. Kijana wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, wa nne ni Kakule. Wasichana nao wana majina yao ya zamu: Masika, Kavira, Kahindo, Kavugho na mengine. Katika nyumba nyingi zenye vijana wawili, Kambale yupo. Simama katika soko la Butembo uite Kambale, utaona vichwa vingapi vitakavyogeuka!

Basi mwandikaji wa Katwa anaandika Kambale, miaka 30, fundi wa pikipiki. Mwandikaji wa Bulengera anaandika Kambale, miaka 31, wa pikipiki. Je, ni mtu mmoja au wawili? Programu ikiwaunganisha na kumbe ni wawili, mmoja anapotea: hatatembelewa tena, na kioo kitaonyesha kwamba ametembelewa. Ikiwaacha mbali na kumbe ni mmoja, wauguzi wanapoteza siku nzima wakimtafuta mtu ambaye hayupo. Hapo programu haina kosa hata moja la maandishi. Inafanya kikamilifu kile ilichoambiwa. Ubaya ni kwamba ilichoambiwa hakifanani na maisha ya Butembo. Wataalamu wa ubora wa programu wanalijua tatizo hili kwa miaka mingi, na mpaka leo hakuna dawa moja inayoliponya kila mahali. Mtu wa mahali ndiye anayejua kuuliza jina la mama, avenyu, namba ya simu na jina la mkubwa wa mtaa.

Tarehe ya kuzaliwa ni shida nyingine. Wazee wengi hawajui siku yao. Programu inakataa kuendelea mpaka tarehe ijazwe, na mwandikaji mwenye watu 40 wa kuona kabla ya jua kuzama anajaza tarehe 1 Januari. Baada ya mwezi, ukitazama orodha, utafikiri nusu ya mji ulizaliwa siku ya mwaka mpya. Programu iliyotaka usahihi kwa nguvu imepata uongo kwa heshima.

Kisha fikiri simu mbili. Muuguzi wa kwanza amemwona mama fulani asubuhi, akaandika: siku ya 12, hana homa. Simu yake haina mtandao, habari inabaki mfukoni mwake. Muuguzi wa pili anapita mchana, anakuta mlango umefungwa, anaandika: hakuonekana. Simu hii ya pili inapata mtandao kwanza. Jioni zote mbili zinapeleka habari kwenye kompyuta kubwa. Ni ipi itakayobaki? Iliyoandikwa mwisho? Iliyofika mwisho? Ukichagua vibaya, mama mzima anatafutwa kama aliyetoroka. Au, jambo baya zaidi, aliyetoroka anahesabiwa kuwa mzima nyumbani. Kuunganisha nakala mbili zinazopingana ni moja ya kazi ngumu kabisa ambazo waandishi wa programu wanazo, na hazikwishi kwa kununua kompyuta kubwa zaidi.

Juu ya hayo yote, kazi yenyewe ilibadilika njiani. Chanjo ya kwanza ilikuwa sindano moja. Novemba 2019 ililetwa Goma chanjo ya pili, ya kampani Johnson & Johnson, ambayo ilitaka sindano mbili, ya pili siku 56 baada ya ya kwanza. Kwa mganga ni habari njema. Kwa orodha iliyopangwa kwa sindano moja ni nguzo mpya katika galeri: sherti kuwe na tarehe mbili, aina mbili, na ukumbusho wa siku ya 56, bila kuvuruga majina ya maelfu waliochanjwa mbele. Na badiliko kama hilo linafanywa wakati orodha inatumika. Hakuna siku ya kusimamisha ugonjwa ili programu itengenezwe, kama vile huwezi kusimamisha pompa wakati maji yanapanda.

Tuseme na jambo moja ambalo programu haiwezi kulitengeneza. Watu wengi waliogopa, wako waliojificha, na vituo vya matunzo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyefanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Orodha inajazwa na watu wanaoaminiana. Mwenye woga anatoa jina lisilo lake, na kompyuta inaliandika bila kucheka.

Orodha ya zamani inahitajika tena

Huenda ukasema: ugonjwa umekwisha, orodha ziwekwe kabatini. Lakini tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa tena karibu na Butembo. Watu 12 waliugua, 6 walikufa. Tarehe 8 Oktoba 2021 ikaonekana Beni. Walihesabiwa wagonjwa 11, na 9 walikufa. Agosti 2022 mtu mmoja tena, Beni. Wachunguzi wa INRB, maabara kubwa ya Kinshasa iliyoongozwa wakati ule na profesa Jean-Jacques Muyembe, walipima virusi vya Butembo vya 2021 na vya Beni vya 2022, wakaona kwamba vinatoka katika ugonjwa uleule wa 2018 mpaka 2020. Virusi vinaweza kukaa kimya mwilini mwa aliyepona kwa muda mrefu. Huyo hana kosa, wala asifukuzwe na majirani. Anahitaji kufuatwa na waganga na kutunzwa.

Lakini ili afuatwe, sherti jina lake liweze kusomwa. Alipona lini? Wapi? Alipewa dawa gani? Majibu yako katika maandiko ya 2019. Kama programu ya 2022 haiwezi kufungua maandiko hayo, au inayafungua na kubadili tarehe, au neno la siri lilikuwa kwa mtu aliyemaliza mkataba na kurudi kwao, basi kazi ya maelfu ya watu imekuwa kama kitabu kilicholiwa na mchwa. Hapo unaona kwamba matengenezo ya programu si ya mashini tu. Ni kutunza pia habari iliyo ndani, na kuihamisha kwa uangalifu kila mara programu inapobadilishwa. Heri kama wako vijana wa Butembo na Beni waliofundishwa kuifanya kazi hiyo palepale, wanaojua Kambale ni nani. Kumngoja fundi kutoka Ulaya ajibu barua huku mnyororo wa ugonjwa unakua ni hasara.

Mashini iliyochoma wagonjwa

Sasa tuitazame hatari ya aina nyingine, inayofanana zaidi na kazi yetu. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, katika hospitali za Marekani na Kanada, mashini ya kutibu kansa kwa mionzi, iliyoitwa Therac-25, iliwapiga wagonjwa sita kwa kipimo kikubwa mno, mara nyingine kama mara mia ya kile mganga alichoagiza. Watatu kwa uchache walikufa kwa sababu hiyo.

Mashini hiyo ilikuwa na njia mbili: mwali mdogo, na mwali mkubwa ambao sherti upite kwanza kwenye kizuizi cha chuma. Mwendeshaji akiandika kwa kosa njia ya mwali mkubwa, kisha akasahihisha upesi, ndani ya sekunde nane, kompyuta iliona sahihisho nusu nusu. Kioo kilionyesha mwali mdogo. Mashini ilitoa mkubwa, na kizuizi hakikuwa mahali pake. Kioo kikaandika maneno mafupi: Malfunction 54. Waendeshaji walikuwa wamezoea maneno ya namna hiyo kila siku, na mashini iliwaruhusu kubonyeza herufi moja tu ili kuendelea. Wakabonyeza.

Soma vizuri sehemu hii. Maandiko ya programu yalitoka kwa mashini za zamani za kampani hiyohiyo. Kosa lilikuwamo tayari katika Therac-20, mashini iliyotangulia. Lakini Therac-20 ilikuwa na vizuizi vyake vya chuma na vya umeme, visivyotegemea kompyuta. Kosa lilipotokea, fyuzi ziliungua, kazi ikasimama, hakuna aliyeumia, na hakuna aliyejua. Walipotengeneza Therac-25 waliona kwamba kompyuta inatosha, wakaondoa vizuizi. Programu ilionekana nzuri kwa miaka mingi kwa sababu chuma kilikuwa kinaficha kosa lake.

Jambo kama hilo lilitokea tarehe 4 Juni 1996, roketi Ariane 5 ya Ulaya ilipopasuka chini ya dakika moja baada ya kuruka. Sehemu ya programu ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako haikuwahi kukosea. Ariane 5 ilienda kwa kasi zaidi, namba moja ikawa kubwa kuliko nafasi yake, basi. Ramani ya mgodi mmoja, kumbuka, haikuongozi katika mwingine.

Kwetu sisi

Mashini zinazoongozwa na programu ziko karibu kuliko unavyofikiri. Katika mgodi wa dhahabu wa Kibali, kule Haut-Uélé, mashini za kubeba mawe chini ya udongo zinafanya kazi bila dereva juu yake. Mwongozaji anakaa nje, juu ya ardhi, mbele ya vioo, na mtu mmoja anaweza kusimamia zaidi ya moja. Hakuna anayepumua mavumbi, na hilo ni jema. Lakini mahali pale mtu akivuka kizuizi, mashini sherti isimame, na anayeisimamisha ni programu. Kipimo cha gesi kinachoning'inia kifuani mwako kina programu. Kengele ya ventilateri vilevile.

Kwa hiyo, kifaa kikiandika neno la hatari, usibonyeze ili kuendelea kwa sababu jana ulibonyeza na hakukuwa na kitu. Andika neno lenyewe au namba yake kama ilivyo, na saa, na ulikuwa unafanya nini. Kisha mpe kapita. Fundi wa programu hawezi kutafuta kosa kwa habari kwamba "kompyuta ilikataa". Akipata namba, saa na ulichokibonyeza mbele ya hapo, pengine ataliona siku hiyohiyo. Hao wa Therac-25 walipata kujua kosa kwa sababu mtaalamu wa hospitali moja na mwendeshaji wake walikaa wakarudia vitendo vilevile, kwa kasi ileile, mpaka Malfunction 54 ikatokea tena mbele ya macho yao.

Usimpitishie mwenzako kadi mlangoni. Tunajua inafanywa ili aliyechelewa asikatwe mshahara. Siku dari likianguka, waokozi watamtafuta mtu aliye nyumbani kwake, na aliye chini hawatamjua. Programu nzuri kuliko zote haiwezi kuona undugu huo.

Kipimo chako cha gesi kijaribiwe kwa gesi yenyewe kabla ya zamu, si kwa kutazama kama taa yake inawaka. Kifaa cha zamani chenye kompyuta kiulizwe pia juu ya tarehe. Programu nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na katika zile za aina ya zamani nafasi ya kuhesabu itajaa tarehe 19 Januari 2038. Wengine wetu tutakuwa tumepumzika wakati huo. Vifaa vingine vinavyonunuliwa leo vitakuwa bado kazini.

Nanyi jamaa za nyumbani, mkiandikwa hospitalini au wakati wa chanjo, toeni jina lote, jina la mama, avenyu na simu, hata kama karatasi haikuuliza. Mwambieni mwandikaji kwamba Kambale wa pili yuko jirani, naye si huyu. Kama hamjui tarehe ya kuzaliwa, semeni hamjui, aandike miaka kwa kukadiria. Karatasi ya chanjo itunzwe pamoja na karatasi za ndoa na za watoto. Orodha ya kompyuta ikipotea, hiyo ndiyo itakayosema.

Mwisho, kwa wakubwa wa zamu. Fundi akija kubadili programu ya mlango, hata kama anasema ni kitu kidogo cha dakika tano, mwombeni aandike katika daftari alibadili nini na siku gani, na jinsi ya kurudisha ya zamani. Kisha mtu mmoja abaki chini kwa makusudi, mkijua, na mwone kama kengele italia. Kwa zamu zote za juma hilo ubao wa jetoni usomwe kwa sauti pamoja na kioo. Ikionekana tofauti ya mtu mmoja, msianze kwa kubishana na fundi. Teremsheni watu wakatafute.